WANATUJUA SOTE, WALIOMCHUKUA KIJANA WA NTOKELA HAWAWAJUI?

Ndugu msomaji, hebu jihesabie mwenyewe kwa vidole: ni nani wanaojua ulilala wapi wiki iliyopita? Mwenzio wa nyumbani anajua, na jirani mwenye macho makali anajua. Lakini kama ulitoka Tukuyu kwenda Dar es Salaam, basi ulilopanda linajua, maana mabasi ya masafa marefu yamefungwa kifaa kinachopeleka habari za mwendo wake kwa LATRA. Gesti uliyolala inajua, kwa sababu uliandika kwa mkono wako jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, na kitabu kile polisi wakija hakifichwi. Wakala aliyekupa pesa anajua. Na simu iliyokuwa mfukoni inajua kuliko wote hao.

Hatusemi haya ili kukutisha. Nchi isiyojua kinachopita mipakani mwake ni nchi ya kuchezewa, na sisi tunaokaa kwenye barabara ya kwenda Kasumulu tunafahamu kinachopita usiku. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 11 pale ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Baada ya hapo hakuna mwenye akili timamu atakayesema vyombo vya usalama vifumbe macho. Tunachouliza ni kingine: habari hizi zikishaokotwa huku na huku, nani anaziunganisha, kwa ruhusa ya nani, na zinamlinda nani?

Watu wa Rungwe si wageni wa kuandikwa. Wajerumani waliokaa boma hapa na kuuita mji Neu Langenburg walihesabu nyumba ili wazitoze kodi. Uhuru ulipokuja, TANU ikaleta mpango wa nyumba kumi kumi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kila kumi ikawa na balozi wake. Tumtendee haki balozi. Amesuluhisha ugomvi wa mipaka ya migomba ambao ungeishia kwenye mapanga. Amesaka wezi wa ng'ombe. Miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na sabuni zilipoadimika, orodha ya kaya zinazostahili mgao ilipitia kwake. Lakini orodha ile ile ya sukari ilikuwa pia orodha ya nani yumo, nani hayumo, nani kapokea mgeni na mgeni katokea wapi. Mgeni akilala kwako usiku mmoja, asubuhi balozi keshapewa habari. Mkono uliogawa sukari ndio uliokuwa sikio la chama, na chama kilikuwa ndiyo Serikali, au siri kali kama waitavyo watani wa mitaani.

Mwaka 1992 tukaambiwa vyama ni vingi. Balozi akabaki na chama chake, na Serikali ikabaki na mwenyekiti wa kitongoji. Kwenye karatasi hao ni watu wawili. Kijijini mara nyingi wanakunywa kikombe kimoja, na muhuri wa barua ya utambulisho unaujua mlango wa kupitia.

Mwaka huo huo wa 1992, Wajerumani wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki walianza kuruhusiwa kusoma mafaili yao. Idara yao ya usalama, Stasi, ilikuwa na watumishi zaidi ya 90,000, mbali na watoa habari wa kujitolea na wa kulazimishwa. Watu walifungua majalada wakakuta mashushushu walioandika habari zao ni rafiki, daktari, hata mwenzi wa ndoa. Sisi tulipewa vyama vingi, jalada hatukupewa hata moja.

Sasa balozi amepata wasaidizi wasiolala. Mwaka 2015 tuliweka vidole kwenye mashine za daftari la wapiga kura. Yakaja ya Kitambulisho cha Taifa. Mei 2019 tukaanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na asiyesajili akawa anafungiwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Wote tunaikumbuka ile misururu. Msimu wa 2022/23 mkulima akaandikishwa tena ili apate mbolea ya ruzuku. Kila daftari lilikuja na sababu yake nzuri, na sisi hatukatai sababu hizo. Nani hataki mbolea?

Ubaya, ama tuseme nguvu, haiko kwenye daftari moja. Iko kwenye uzi unaoyashona. Mchukue mkulima mmoja wa viazi wa Isongole. Daftari la mbolea linasema ana shamba la ukubwa gani. Laini yake, iliyofungwa kwenye namba ya kitambulisho, inasema mengine. Simu ikiwa imewashwa, hata usipoongea, huujulisha mtandao kila mara iko eneo la mnara gani, la sivyo usingeweza kupigiwa. Ukipiga, kampuni inaandika namba uliyoipigia, saa, dakika ulizotumia na mnara uliokubeba. Haihitaji kusikia neno hata moja. Ukibadili laini ukabaki na simu ile ile, simu yenyewe ina namba yake ya kuzaliwa nayo, na inakutaja. Pesa za simu zinaonyesha nani kakutumia na wewe ukamtumia nani. Weka juu yake picha moja iliyonakiliwa kutoka kundi la WhatsApp na mtu uliyemdhani ni mwenzenu, basi mkulima wetu keshakamilika. Kila aliyetoa habari alitoa kipande tu, tena kwa nia njema. Aliyeunganisha ndiye anayemwona mzima.

Je, sheria inasemaje? Mwandishi wa makala haya aliishia kidato cha nne, lakini Katiba yetu imeandikwa kwa Kiswahili na haihitaji shahada. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inampa uhuru wa kutoingiliwa katika mawasiliano. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996, kifungu cha 5, inasema wazi kwamba si kazi ya idara hiyo kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameandamana kihalali au amepingana na Serikali. Watanzania wangapi wamewahi kuambiwa hilo? Halafu ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hiyo inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya kukabidhiwa data kwa ajili ya upelelezi bila kumpitia kwanza hakimu. Yaani kuingia chumbani kwako ni hodi, kuingia ndani ya simu yako ni karatasi ya mkuu wa kituo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kazi Mei 2023, na tume yake ipo. Tunaipongeza, ila nayo imeacha mlango kwa mambo ya usalama wa taifa, na mlango huo ndio tunaouzungumzia.

Tuje Ntokela, hapa hapa Rungwe. Katikati ya 2024 kijana mmoja mchoraji alionekana kwenye video mtandaoni akichoma picha ya Rais. Kitendo hicho unaweza ukakichukia, wengi walikichukia. Alipatikana upesi mno. Tarehe 4 Julai 2024 Mahakama ya Wilaya ya Rungwe ilimtia hatiani kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka miwili. Wananchi wakachangishana, walalahoi wa shilingi elfu elfu, faini ikalipwa, kijana akarudi kijijini. Kwa sheria ya nchi hii, deni lake lilikuwa limekwisha.

Mwanzoni mwa Agosti 2024 wakaja watu, wakamchukua hapo hapo Ntokela. Miezi ikapita bila ndugu zake kumtia machoni.

Msomaji, linganisha. Video ya dakika chache ilitosha kumfikisha mwenyewe kizimbani. Lakini waliomchukua mtu mzima kutoka kijiji chenye balozi, mwenyekiti wa kitongoji, ofisa mtendaji na mgambo wakageuka kuwa "watu wasiojulikana". Wasiojulikana na nani? Mgeni wa usiku mmoja anajulikana! Mama akinunua mfuko wa mbolea anajulikana! Kama mtego unanasa panya na kuwaachia chui, mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza aliyeutega.

Wala hatuombi miujiza. Watu hao hawakushuka kutoka mlima Rungwe kama ukungu. Walikuja kwa barabara, na kwa desturi ya siku hizi walikuwa na simu. Minara inayohudumia Ntokela iliandika simu zilizopita chini yake siku hiyo, na kila laini ina jina na alama ya kidole ya mtu. Polisi wa Mkoa wa Mbeya wana amri ile ile ya sheria ya 2015 inayotumika kumpata mtu aliyechoma picha. Waseme hadharani kama waliwahi kuitumia kwa siku ya kijana huyu, waliiomba kampuni gani, na walipewa namba ngapi. Mbunge wa Rungwe aliulize hilo bungeni kwa swali la maandishi, ili jibu libaki kwenye Hansard.