BWANA SHAMBA: Alama Nyeusi Mwilini

Ndugu msomaji, mwezi huu nazungumza juu ya damu. Lakini tuanze na panya, kwa sababu panya unamjua.

Hapa Mafia panya hupanda minazi. Hutoboa vitale, navyo huanguka. Basi wengi wetu hununua sumu dukani. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya hula leo, akafa baada ya siku kadhaa. Sumu huzuia damu yake isigande. Damu huvuja ndani kwa ndani mpaka anakufa.

Sumu hii ilianzia kwa ng'ombe. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin, Marekani, alikwenda chuo kikuu na mtamba aliyekufa. Alichukua pia chombo cha maziwa chenye damu isiyoganda. Ng'ombe wake walikuwa wamekula majani makavu yaliyoota ukungu. Mtaalamu Karl Link na wenzake waliitafuta sumu iliyomo katika majani hayo, wakaipata. Kutokana na kazi hiyo ikatengenezwa wafarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya watu.

Usishangae. Kuna wagonjwa ambao damu yao huganda mahali pasipotakiwa. Mmoja wao ni mtu aliyewekewa vali ya chuma katika moyo. Vali ni kama mlango mdogo wa kupitisha damu. Damu ikiganda hapo, kipande chaweza kwenda kichwani, mtu akapooza. Kwa hiyo daktari humpa wafarini kidogo kidogo, kwa kipimo. Kipimo kikizidi, damu huvilia chini ya ngozi. Alama nyeusi hutokea bila mtu kupigwa.

Sasa nitakueleza nililoliona. Nilikwenda kijiji kimoja cha kaskazini kukagua minazi. Nilimkuta mama mmoja amekaa barazani. Mikono na mapaja yake yalikuwa na alama nyeusi na za zambarau. Majirani walikuwa wamekwisha kunong'ona kwamba mumewe humpiga. Nami nilisadiki. Nilimpita yule bwana mlangoni bila kumwamkia. Mpaka leo naona haya.

Mama mkwe alisema, "Bwana Shamba, huyu hufinywa na jini usiku." Mpiga chuku alikuwa amekwisha kuja. Pembe na wembe vilikuwa juu ya mkeka.

Nilimwuliza yule mama, "Unatumia dawa gani?" Alinitolea vidonge. Alitibiwa moyo Dar es Salaam, akawekewa vali. Kisha akanionyesha aspirini aliyonunua dukani kwa maumivu ya goti. Alikuwa akizimeza kila siku.

Nilisema, "Bibi, shikamoo, nakuomba wembe usimguse." Damu ya mtu huyo haigandi upesi. Ukimchanja, utaizuia kwa nini? Mimi nina cheti cha kilimo tu, si daktari. Lakini nimeona kuku na paka waliokula panya wenye sumu. Mumewe ndiye aliyempakia kwenye pikipiki mpaka hospitali ya Kilindoni. Walimpima damu, wakamkataza aspirini, wakapunguza wafarini. Baada ya majuma machache alama zilififia. Yule bwana akaanza tena kukaa barazani na wenzake.

Si kila alama husababishwa na wafarini. Ini likiharibika, damu haigandi vizuri. Ugonjwa wa figo na magonjwa ya damu yenyewe huweza kuleta alama hizo. Wazee nao ngozi yao ni nyembamba, huvilia kwa kuguswa kidogo. Na wapo kweli wanaopigwa. Kwa hiyo mwulize mgonjwa mwenyewe, akiwa peke yake, kisha mpeleke zahanati akapimwe. Chukua dawa zake zote, na za miti shamba pia, mganga wa zahanati azione.

Kama unatumia wafarini, usiiache kwa kuogopa neno sumu. Ukiiacha, damu yaweza kuganda katika vali. Usiongeze aspirini wala dawa nyingine bila kuuliza. Kula mchicha, kisamvu na matembele kama ulivyozoea. Usizidishe ghafla, usiache ghafla, maana mboga hizo zina vitamini K, nayo husaidia damu kuganda. Na nenda kupimwa damu siku uliyopangiwa, hata kama bahari imechafuka juzi na nauli ya Nyamisati imekwisha. Kwanza uliza Kilindoni.

Ukiona damu ya pua haikomi, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au kichwa kuuma sana baada ya kuanguka, usingoje asubuhi.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kufunga bati kwenye shina la mnazi. Kucha za panya haziwezi kushika bati, huteleza. Wenye mabati chakavu anzeni kuyaweka.