Ncha ya Uzi



Huku Kitengela hakuna bahari, lakini juma hili nyumbani kwetu umetengenezwa ufito wa kuvulia samaki. Babu wa watoto, aliyebaki Vanga, ameacha kuvua kwa mshipi wa mkono, kwani vidole vyake havikunjiki tena. Mjukuu wake akaazimia kumpelekea mwanzi wenye pete, ili likizo ijayo wakae pamoja ufukweni, inshallah.

Mara ya kwanza alizifunga pete kwa uzi, akamaliza kwa fundo. Siku ya pili fundo likalegea, uzi ukafumuka na pete ikaanguka. Akataka kutia gundi. Tukamkataza, kwani gundi juu ya fundo baya huficha kosa tu.

Jirani yetu, mama wa Kimaasai kutoka Kajiado, alikuwa akitunga shanga. Akatuonyesha kazi yake: ncha ya uzi huirudisha ndani ya shanga alizokwisha kuzitunga, nazo ndizo huishika. Tukatambua kwamba ufito nao hutaka hivyo hivyo.

Njia ni hii. Mguu wa pete upigwe tupa hadi uwe mwembamba, uzi upate kuupanda bila kuruka. Anza kwa kuuzungusha uzi juu ya mkia wake mwenyewe, kisha endelea, kila mzunguko ukigusana na mwenziwe. Ikibaki mizunguko 6 au 8, laza juu ya mwanzi kitanzi cha uzi laini, jicho lake likielekea mwisho wa kazi, kisha zungusha juu yake. Ukimaliza, bana kwa kidole gumba, kata uzi, pitisha ncha katika jicho, uvute kitanzi polepole. Ncha itaingia chini ya mizunguko na kutokea nyuma. Ivute ikaze, uikate kwa wembe mpya, kisha sogeza nyuzi kwa ukucha zizibe pengo. Mwisho paka vanishi, tabaka jembamba baada ya jembamba.

Tulitamani kumfanyia sisi, kwa kuwa mikono yetu imezoea sindano. Tukajizuia, zawadi ingekuwa yetu, si yake. Amezifumua pete zote tano, na amekwisha kufunga tatu. Ya kwanza haikunyooka sana. Ya tatu tumeipapasa kwa kidole, wala hatukuiona ncha ilipozama.