Mwizi Ni Neno Zito: Waamuzi, Watangazaji na Sisi Watazamaji



Kila mwisho wa juma, huku kwetu Kamembe, Kiswahili kingi unachokisikia hakitoki darasani. Kinatoka katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kinywani mwa mtangazaji wa runinga, na baada yake vinywani mwa watazamaji. Sina ugomvi na shule hiyo. Imewafundisha wengi wenu msamiati ambao vitabu vyangu havina. Ugomvi wangu ni na neno moja ambalo shule hiyo hulifundisha kwa bidii kupita maneno mengine yote: mwizi. Refa akikataa bao, ni mwizi. Akitoa penalti, kanunuliwa. Akipuliza filimbi ya mwisho, tumeibiwa. Nami nashikilia kwamba mazoea haya yanaudhuru mpira, yanakiharibu Kiswahili, na zaidi ya yote yanamlea raia vibaya.

Tuanze na maneno yenyewe. Mwamuzi ametokana na kitenzi kuamua, na kuamua si kukata shauri tu. Wazee husema pia kuamua ugomvi, yaani kuingia kati ya wanaopigana na kuwatenganisha. Mwamuzi, basi, ni mtu aliyekubali kusimama mahali ambapo pande zote mbili zinaweza kumpiga. Mchambuzi naye ametokana na kuchambua. Mama akichambua mboga hutoa majani yaliyooza na kubakiza yaliyo mazima. Anayetupa fungu lote kwa sababu ya jani moja hakuchambua kitu. Pima uchambuzi unaousikia kwenye runinga kwa kipimo hicho, kisha uniambie ni wachambuzi wangapi wanastahili jina lao.

Uamuzi unaotuudhi uwanjani huwa wa aina tatu. Kuna uamuzi sahihi unaoumiza. Kuna kosa, ambalo ni kukosea bila kukusudia. Na kuna hila, ambayo ni kupotosha haki kwa makusudi. Kiswahili kina jina kwa kila kimoja. Sisi tumevitia vyote katika kapu moja na kuliandika wizi.

Chukua aina ya kwanza. Tarehe 2 Julai 2010, jijini Johannesburg, Ghana na Uruguay zilikuwa zimefungana 1-1 katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, Luis Suárez aliunawa mpira uliokuwa ukiingia golini. Mwamuzi Olegário Benquerença wa Ureno alimtoa kwa kadi nyekundu na kuipa Ghana penalti. Asamoah Gyan akaupiga mpira ukagonga mtambaa wa panya, na Uruguay ikashinda kwa mikwaju ya penalti 4-2. Afrika ikakosa timu yake ya kwanza ya nusu fainali, na hadi leo utasikia kwamba siku ile tuliibiwa. Tuliibiwa na nani? Mwamuzi alitoa adhabu zote mbili ambazo sheria ilimpa mkononi. Mwenye kulalamika na ailalamikie sheria. Katika raga, mwamuzi akiona kwamba madhambi yamezuia alama ambayo ingepatikana, anaweza kuitoa alama hiyo. Katika soka hana ruhusa ya kutoa bao ambalo mpira haukuvuka mstari. Huo ni mjadala mzuri, na raia mwenye akili angeuendeleza. Lakini neno mwizi liliufunga kabla haujaanza.

Aina ya pili ni kosa, na hapa nina mfano unaomhusu kila mwanafunzi wa lugha. Tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham iliifunga Liverpool 2-1 jijini London, baada ya bao la Luis Díaz kukataliwa kwa madai ya kuotea. Hakuwa ameotea. Nadharia za njama zikaenea. Siku tatu baadaye sauti zilizorekodiwa katika chumba cha VAR zikawekwa hadharani, na dunia ikasikia kilichotokea. Aliyekuwa mbele ya runinga aliona sawasawa kwamba bao ni halali. Tatizo ni kwamba alidhani uwanjani bao limekubaliwa, kwa hiyo akatamka tu kwamba ukaguzi umekamilika. Mwamuzi wa uwanjani, aliyekuwa amelikataa bao hilo, akaelewa kwamba uamuzi wake umethibitishwa. Mpira ukaanza tena, na utaratibu haukuruhusu kurudi nyuma. Maneno mawili zaidi, “bao halali”, yangetosha kuliokoa. Kumbe kilichokosekana ni sentensi iliyotimia, yenye kiima na kiarifu.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Tarehe 5 Aprili 2024, mjini Pretoria, Yanga ya Dar es Salaam ilicheza na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa wa panya, likadunda chini penye mstari wa goli, likatoka. Bao halikutolewa. Mechi ikaisha 0-0 na Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Sheria ya kumi ya mchezo huu inataka mpira wote uvuke mstari wote. Kamera isiyokaa sawasawa na mstari huweza kuonyesha mwanya usiokuwepo, au kuuficha uliopo. Mashabiki wa Yanga walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hasira ilipaswa kuelekezwa kwenye swali hili: kwa nini mashindano makubwa ya klabu barani yachezwe bila mtambo wa kutambua bao?

Swali la namna hiyo huzaa matunda. Tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, shuti la Frank Lampard wa Uingereza lilivuka mstari wa goli la Ujerumani waziwazi, na bao halikutolewa. Watu walidai mtambo. Mwaka 2012 wenye mamlaka ya kutunga sheria za soka waliuidhinisha, na mwaka 2014 ukatumika katika Kombe la Dunia nchini Brazil. Lalamiko lililotaja kasoro lilibadilisha mpira wa dunia nzima. Nioneshe wewe lalamiko lililotaja mwizi bila ushahidi, ambalo limewahi kubadilisha hata kibendera cha kona.

Sasa aina ya tatu, kwa maana sikusudii kukudanganya kwamba waamuzi wote ni malaika. Tarehe 12 Novemba 2016, mjini Polokwane, Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal, akidai kwamba Kalidou Koulibaly ameunawa mpira. Mpira ulikuwa umemgonga gotini. Afrika Kusini ikashinda 2-1. Shirikisho la soka duniani, FIFA, lilichunguza, likaangalia mwenendo wa kamari katika mechi ile, na mwaka 2017 likamfungia Lamptey maisha kwa kosa la kuathiri matokeo. Rufaa yake katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilishindwa. Mechi ikarudiwa mwezi Novemba 2017, Senegal ikashinda 2-0 na kufuzu Kombe la Dunia la 2018. Hiyo ndiyo hila, na hivyo ndivyo hila inavyothibitishwa: kwa ushahidi, kwa kumsikiliza mshtakiwa, kwa rufaa. Ukimwita kila refa mwizi kila Jumamosi, utamwita nani siku atakapotokea Lamptey mwingine? Neno litakuwa limechakaa, na mwizi wa kweli atapita katikati ya makelele akitabasamu.

Hapo ndipo lawama yangu inapomwangukia mtangazaji na mchambuzi. Mwamuzi huona tukio mara moja, akikimbia, kutoka pembe moja, huku miili ya wachezaji ikimziba. Mtangazaji huliona mara kumi, ameketi, kutoka pembe nyingi, tena kwa mwendo wa taratibu. Mwendo huo una udanganyifu wake, kwa kuwa humpa mchezaji muda wa kufikiri ambao hakuwa nao. Mkono uliogongwa na mpira kwa bahati mbaya huonekana kama umeunyoshewa. Kisha yule aliyeona mara kumi humcheka aliyeona mara moja, naye aliyechekwa hana nafasi ya kujibu. Na mwamba ngoma huvutia kwake: mtangazaji akijua kwamba wasikilizaji wake ni wa upande mmoja, huona makosa ya upande mmoja.

Kumbuka yaliyompata Janny Sikazwe wa Zambia. Tarehe 12 Januari 2022, mjini Limbe nchini Cameroon, alipuliza filimbi ya mwisho ya mechi ya Tunisia na Mali katika dakika ya 85, akaurejesha mchezo, kisha akaumaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia. Dunia ilicheka, na wako walionong'ona habari za rushwa. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa ameathiriwa na joto kali, hata akahitaji matibabu. Tuliyemwita mla rushwa alikuwa mgonjwa.

Siku sita baadaye, katika mashindano yaleyale, mjini Yaoundé, Salima Mukansanga alichezesha mechi ya Zimbabwe na Guinea, mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Ni mzaliwa wa wilaya yetu ya Rusizi. Mwaka huohuo akawa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuteuliwa kuwa waamuzi wa kati wa Kombe la Dunia la wanaume, nchini Qatar. Sote tulijivuna, na tulikuwa na haki. Lakini jiulize: wangapi kati yetu tulioshangilia usiku ule tulikuwa wiki iliyotangulia tukimtukana mtoto wa mwenzetu wa Zambia? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kila refa unayemwita mwizi ana Rusizi yake. Zingatia pia kwamba Kiswahili chetu hakina mwamuzi wa kiume na mwamuzi wa kike. Kina mwamuzi tu. Lugha ilikwisha kutuonyesha njia.

Utaniambia: “Mwalimu, huu ni mchezo tu.” Silinganishi utani wa mpira na uovu wowote. Nasema tu kwamba sisi Wanyarwanda hatuna anasa ya kudhani kwamba maneno ya hewani ni upepo. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waasisi wa redio RTLM kwa sababu ya sehemu ya redio hiyo katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nchi yenye kumbukumbu hiyo inapaswa kuwa ya kwanza kumwuliza kila mwenye kipaza sauti: unamshtaki nani, na ushahidi wako u wapi?

Tena mazoea hayabaki uwanjani. Kijana anayezoea kuamini kwamba anayeamua kinyume chake lazima amenunuliwa, atakwenda na imani hiyo mbele ya abunzi, wale wapatanishi waliochaguliwa na wananchi kusuluhisha kesi za mipaka ya mashamba na madeni madogo. Akishindwa, hatauliza, “Nilikosa ushahidi gani?” Atasema, “Wamehongwa.” Kumbe njia ya rufaa iko wazi kwake, na lugha ya rufaa ni hoja. Matusi hayakati rufaa. Wahenga wa viwanjani wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza kwamba si raia kamili pia.

Sikuombi unyamaze. Kuzomea uamuzi ni haki yako uliyoilipia kiingilio. Wenye mamlaka nao wanadaiwa: watoe sauti za chumba cha VAR, na waamuzi waeleze maamuzi yao kwa kipaza sauti uwanjani, kama walivyofanya katika Kombe la Dunia la wanawake la 2023 nchini Australia na New Zealand. Mamlaka inayojificha hualika uvumi. Ninachokuomba wewe ni kuchagua neno. Kiswahili kimekupa huenda, yaelekea, nadhani, kwa pembe hii. Kimekupa amekosea, ambalo ni neno la haki, na sheria hii ni mbaya, ambayo ni sentensi ya kiraia. Mwizi liweke akibani mpaka ushahidi ufike.

Zoezi la juma hili: tazama mechi moja yenye utangazaji wa Kiswahili. Andika maamuzi matatu yaliyolalamikiwa, pamoja na maneno aliyoyatumia mtangazaji. Karibu na kila uamuzi andika neno moja kati ya haya: sahihi, kosa, hila. Ukiandika hila, ongeza aya nzima ya ushahidi. Ukikosa cha kuandika katika aya hiyo, lifute neno, uandike jingine.