Jipu Lisilosikia Dawa: Usugu wa Vimelea Wodini na Majumbani

Kati ya vimelea vinavyoishi pamoja na mwanadamu, ni vichache vilivyomzoea kama bakteria aitwaye stafilokokasi. Takribani mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani pasipo kuugua, pasipo hata kujua. Lakini akipata upenyo, iwe ni mkwaruzo, kidonda cha moto, mshono wa upasuaji au kitovu cha mtoto mchanga, huleta jipu na usaha; na akiingia katika damu anaweza kuua ndani ya siku chache. Kwa miongo mingi dawa za antibaiotiki zilitosha kumdhibiti. Leo hii sehemu ya bakteria hawa haisikii tena dawa zilizokuwa tegemeo la madaktari, na aina hiyo sugu hujulikana kwa kifupi kama MRSA.

Utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la tiba la The Lancet ulikadiria kwamba, mwaka 2019, watu milioni 1.27 duniani walifariki dunia moja kwa moja kwa sababu ya maambukizi ya bakteria sugu. Zaidi ya vifo 100,000 kati ya hivyo vilitokana na MRSA. Wale wanaodhani kwamba haya ni matatizo ya nchi tajiri zenye hospitali kubwa wanapaswa kutambua kuwa viwango vya juu zaidi vya vifo vilionekana katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara.

Historia ya usugu huu ni fupi na inasikitisha. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, mwezi Desemba 1945, kwamba mtu atakayejitibu kwa dozi hafifu atawafunza vimelea kuishinda dawa. Kabla ya muongo huo kwisha, katika baadhi ya hospitali za London zaidi ya nusu ya stafilokokasi waliopimwa walikuwa sugu kwa penisilini. Ikatengenezwa methisilini mwaka 1959, ikapokelewa kwa matumaini makubwa. Mwaka 1961 wataalamu wa Uingereza wakatoa taarifa ya stafilokokasi wasiouawa nayo. Miaka miwili tu!

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba MRSA hukaa wodini na hubaki huko. Fikra hiyo ilianza kuvunjika katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza vifo vya watoto wanne katika majimbo ya Minnesota na North Dakota, watoto ambao hawakuwa wamelazwa hospitalini siku za karibuni kabla ya kuugua. Tangu hapo imefahamika kuwa kuna aina za bakteria huyu zinazosambaa majumbani, mabwenini, magerezani na viwanjani, mahali popote ambapo watu hubanana, hugusana na kutumia taulo au wembe mmoja.

Huku kwetu ni rahisi kumnyoshea kidole mgonjwa. Ni kweli kwamba wapo wanaonunua vidonge vinne badala ya dozi nzima, wanaotumia antibaiotiki kutibu mafua ambayo husababishwa na virusi, na wanaofungua vidonge vya rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Tabia hii ya mwisho ni mbaya mno, kwa maana ngozi ndiyo makao ya stafilokokasi, na dawa kidogo isiyotosha humpatia nafasi ya kuzoea. Hata hivyo, mama anayenunua vidonge vinne katika duka la dawa muhimu, mara nyingi amefanya hesabu ya fedha aliyonayo na umbali wa zahanati. Kumlaumu yeye peke yake ni kuonea. Vilevile, katika vituo vingi daktari mwenyewe huandika dawa kwa kukisia, kwa sababu hakuna maabara ya kuotesha usaha na kubaini ni dawa ipi ingali na nguvu. Mgonjwa wa MRSA huhitaji dawa kama vankomisini, inayotolewa kwa dripu huku figo zikiangaliwa kwa karibu. Katika hospitali ya wilaya gharama hiyo si ndogo kwa familia ya mkulima.

Je, hali hii inaweza kugeuzwa? Uingereza inatoa jibu linalostahili kusikilizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hospitali za England zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 7,000 kwa mwaka waliopata MRSA katika damu. Serikali ililazimisha kila hospitali kutoa hesabu yake, ikazitangaza hadharani, na mwaka 2004 ikaweka lengo la kupunguza idadi hiyo kwa nusu ifikapo 2008. Lengo lilifikiwa: mwaka 2008/2009 idadi ilikuwa chini ya 3,000, ikaendelea kushuka. Hakukuwa na dawa ya muujiza. Walisisitiza unawaji wa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, uangalizi wa sindano na mirija inayoingizwa mshipani, na baadaye kuwapima wagonjwa kabla ya upasuaji.

Hapa ndipo suala linapoligusa Kanisa moja kwa moja, kwa kuwa Kanisa ni mmiliki wa hospitali. Bugando kule Mwanza ni mali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, na majimbo yetu yana hospitali na zahanati nyingi vijijini. Kwa maoni ya mwandishi, tunapenda mno kuzindua majengo. Harambee ya wodi mpya hujaza ukumbi. Harambee ya tangi la maji, sabuni na vifaa vya kuoteshea vimelea haina utepe wa kukata. Ilhali takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF za mwaka 2022 zinaonesha kuwa nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za usafi wa mikono, yaani maji na sabuni vyooni na mahali mgonjwa anapohudumiwa. Mwezi Septemba 2024, mataifa yaliyokutana New York yaliahidi kwamba ifikapo 2030 vituo vyote vitakuwa na huduma za msingi za maji na usafi. Tanzania na Kenya zimekuwa na mipango ya kitaifa dhidi ya usugu huu tangu mwaka 2017.

Na kuna jambo lililo ndani ya uwezo wa waamini hata kabla ya harambee yoyote. Jumuiya Ndogo Ndogo na WAWATA huwatembelea wagonjwa kwa upendo mkubwa, nao watoa Komunyo hupita kitanda kwa kitanda. Tunawashika mikono wote, tunaketi juu ya vitanda vyao, kisha tunakwenda kwa mgonjwa anayefuata, mwenye mshono mbichi. Kunawa mikono kabla ya kila mgonjwa, kuacha kuketi kitandani, na anayetoka jipu kusubiri hadi lipone ndipo aende wodini: utaratibu huu paroko anaweza kuutangaza Dominika hii, na viongozi wa jumuiya wakausimamia.