Walimu, wapelekeni wanafunzi nje kabla mbayuwayu hawajaondoka

Kila mwaka, kati ya Februari na Aprili, majira ya baridi yanapoelekea kwisha huko Ulaya na kaskazini mwa Asia, ndege wasiohesabika waliokuja kwetu kuikimbia baridi hiyo hujiandaa kurejea makwao. Mbayuwayu hujipanga juu ya nyaya za stima. Korongo weupe huzunguka angani kwa makundi wakitafuta hewa ya joto ya kuwainua. Kule Mida, karibu na Watamu, wako vitwitwi ambao walikuwa na rangi ya kijivu kwa miezi mingi, nao huanza kuvaa manyoya mekundu ya kuzalia kabla ya kushika njia ya Siberia.

Haya yote hutukia mchana kweupe, bila kiingilio, na sehemu kubwa yake huangukia muhula wa kwanza wa shule. Lakini aghalabu mwanafunzi wetu huwa ameketi darasani, akinakili ubaoni maana ya neno "kuhama".

Rai yangu ni kwamba kila shule, ya msingi na ya upili, iwatoe wanafunzi wake kwa makundi angalau mara moja katika muhula huo, waende kuwatazama ndege, kuwataja na kuwahesabu.

Najua wapo watakaosema kuwa hiyo ni starehe ya Wazungu na watalii. Madai hayo hayana msingi. Mkenya Hussein Isack, mtafiti wa Makavazi ya Kitaifa, alishirikiana na mwenzake kuchunguza jinsi Waborana wa kaskazini mwa nchi yetu wanavyomfuata ndege anayewaongoza kwenye mizinga ya nyuki wa mwituni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 1989, yalionyesha kwamba katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali walitumia takriban saa 9 kupata mzinga mmoja pasipo ndege huyo, na takriban saa 3 tu walipoongozwa naye. Watu walioweza kusoma mlio wa ndege kiasi hicho hawakufundishwa kazi hiyo na mtalii. Tulikuwa na elimu hii tangu zamani, nasi ndio tunaoiacha ipotee.

Tazameni basi wenzetu wanavyoithamini. Mwaka wa 1979, shirika la kuhifadhi ndege la Uingereza, RSPB, liliwaomba watoto wahesabu ndege wa bustanini kwa muda wa saa moja katika baridi ya mwezi wa Januari. Zoezi hilo halikukoma, na watu wazima nao wakajiunga. Hesabu hizo, zilizoanza kama shughuli ya watoto, ni miongoni mwa zilizoonyesha kuwa shomoro na kwezi, ndege waliodhaniwa kuwa hawawezi kupungua, walikuwa wakitoweka kutoka vijiji na miji ya Uingereza. Marekani nayo ilianzisha hesabu ya siku nne za Februari mwaka wa 1998, na tangu 2013 mlango umefunguliwa kwa dunia nzima. Sharti lake ni dakika 15 tu za kutazama.

Kenya nasi hatukulala kabisa. Chama cha wanafunzi wapenda wanyamapori kiliasisiwa nchini mwaka wa 1968. Matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa jijini Nairobi na Bi Fleur Ng'weno mwaka wa 1971, yamewalea wataalamu wengi. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu ndege wa majini katika maziwa yetu kila Januari. Lakini mambo haya yamebaki ya wachache, na shule zilizo mbali na miji hazijafikiwa vya kutosha.

Kikwazo kinachotajwa mara kwa mara ni fedha. Hapa nitasema wazi: safari ya shule isiyowezekana bila basi la kukodi ni mzigo kwa mzazi, na mtoto wa maskini ndiye anayebaki nyuma. Ninayoipendekeza mimi haihitaji basi. Bwawa la kijiji, kingo za mto, shamba lililovunwa au hata uwanja wa shule watosha. Darubini moja ikipatikana, wanafunzi wataipokezana. Isipopatikana, macho arubaini ni bora kuliko mawili.

Hapo ndipo faida ya kwenda kwa kundi inapoonekana. Mmoja huona, mwingine husikia, wa tatu huandika. Wakitofautiana kama ndege wale walikuwa 12 au 15, hawana budi kuhesabu tena na kila mmoja kutoa hoja yake. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe, na ndiyo hesabu, na ndiyo insha ya kesho yake. Mwalimu asiyejua majina ya ndege asione haya. Aandike rangi, mdomo na mlio, kisha awatume wanafunzi wakamuulize babu au nyanya jina lake. Wengi watarudi na majina ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada.

Kuhusu mtihani, mtaala wa umilisi unatutaka tumfunze mtoto kwa kutenda. Kama kusudi hilo ni la kweli, asubuhi moja ya Machi si hasara.

Hata hivyo, kuna jambo zito zaidi ya alama. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Korongo weupe hutulia viwavijeshi mashambani, nao mbayuwayu hula wadudu kuanzia macheo hadi machweo. Wageni hawa wanahitaji vinamasi na mbuga za nyasi, na hivyo ndivyo tunavyovikausha na kuvilima. Huko Kinangop, nyasi zinapolimwa, huangamia makao ya ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, Sharpe's longclaw, asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote duniani. Siku bwawa la kijiji chenu litakapotakiwa na mwenye trekta, mtasema nini mbele ya baraza? Anayesema "kulikuwa na ndege wengi" hupuuzwa. Mwenye daftari la miaka kumi, lenye tarehe na idadi kwa mwandiko wa wanafunzi wa kijiji hicho, ana ushahidi mkononi.

Daftari hilo huanza na ukurasa mmoja. Walimu wakuu watenge asubuhi moja kabla ya shule kufungwa mwezi wa Aprili, kwani mbayuwayu hawataingoja ratiba yetu.