Anza na Paa, Rangi Itangoja

Nyumba ya bibi hapa Bongwe ni ya boriti, fito na udongo. Mwaka jana mimi na kakangu tukaamua kuifanya mpya, na sote bado tunalala humo humo. Ufundi wetu? Video za simu.

Kosa la kwanza: tulipiga plasta ya simiti juu ya ukuta wa udongo. Ikapendeza wiki mbili, laiki kibao. Masika ilipoingia, makuti yakavuja, maji yakashuka nyuma ya plasta, ikabanduka kama ganda la muhogo. Bibi akahamia jikoni na godoro lake. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Udongo hunyonya unyevu kisha huutoa. Ukiuziba kwa simiti, maji yanakwama ndani. Tena tulikuwa karibu kuchota mchanga wa bahari, si ni wa bure! Fundi mmoja mzee akatukataza: chumvi yake huvuta unyevu na kula vyuma.

Sasa nyinyi mnaoniambia "bomoa yote uanze upya", sikizeni. Kama watu wanaishi ndani, huna ruhusa ya kubomoa kila chumba kwa pamoja. Anza na paa kabla ya masika. Kisha chumba kimoja mpaka kiishe. Na cha mzee kiwe cha kwanza, hata kama hakitatokea kwa video.

Sisi tumerudi kukandika udongo. Bibi ndiye fundi mkuu. Simu zetu sasa ni za kumulika tochi tu.