Moyo Nao Hufumba na Kufumbua

Wahenga walinena kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Usemi huo haukutungwa ili kuwakatisha watu tamaa ya kupendana, bali kuwaonya kwamba mtu aweza kuishi na mwenzake nyumba moja kwa miaka 20 asijue kilichomo kifuani mwake. Katika nyumba za askari onyo hilo lina uzito wa pekee. Mume hurudi kutoka zamu ya mpakani akiwa mzima wa viungo, mzigo wake ukapokewa mlangoni, watoto wakamrukia shingoni. Lakini baada ya siku mbili tatu mkewe hung'amua kwamba uliorudi ni mwili, na moyo ungali umefungwa kama ulivyofungwa kule zamuni. Hagombi wala hapigi, ila hayupo.

Namna moyo unavyofungwa na unavyofunguliwa ni swali lililowashughulisha wenye hekima wa mataifa mengi. Miongoni mwa majibu makini ni lile la wanafalsafa wa bonde la Kashmir, kaskazini mwa Bara Hindi, waliloliandika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na ambalo siku hizi limekuwa msingi wa yoga fulani inayofundishwa Marekani na Ulaya. Si lazima kusafiri hadi Kashmir ili kulielewa. Mwambao wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, una mfano wake, kwa maana huko maisha yenyewe huenda kwa kufunga na kufungua.

ZIWA LENYE MAJIRA MAWILI

Ziwa Mweru limekaa mpakani mwa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Luapula huingia kusini, na Mto Luvua hutoka kaskazini karibu na Pweto. Wakazi wa Nchelenge na wafanyabiashara wa soko la Kashikishi huishi kwa samaki, na mmojawapo ni chisense, samaki mdogo mfano wa dagaa, avuliwaye usiku wa giza kwa taa. Mvuvi huwasha taa juu ya maji akangoja. Samaki huvutwa na nuru hata wakakusanyika, ndipo wavu hutenda kazi yake.

Lakini kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa kwa amri ya serikali ili samaki wapate kuzaana. Miezi hiyo ni migumu, fedha hupungua na wanaume hushinda nyumbani. Hata hivyo kila mzee wa ziwani ajua kwamba ziwa lisilofungwa kamwe mwisho wake ni maji matupu, na ziwa lisilofunguliwa kamwe halimlishi mtu.

Mpaka nao una majira yake. Mwaka 2017 mapigano ya upande wa Kongo yaliwasukuma maelfu ya watu kuvuka na kuingia wilaya ya Nchelenge. Walipokewa katika kituo cha Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa kwa ajili yao. Wageni wengi walikuja na Kiswahili chao. Wenyeji wakawa na Kibemba. Katika Kibemba moyo huitwa umutima, neno ambalo Mswahili hulitambua mara moja, kwa kuwa washairi wake hadi leo huuita moyo mtima. Katika lugha zote mbili neno hilo halitaji kipande cha nyama tu, bali nia ya mtu, tabia yake na utu wake. Watu waliotenganishwa na ziwa walikuwa na neno moja la jambo lililo kubwa kuliko yote.

HEKIMA YA KASHMIR

Katika karne ya 9 huko Kashmir, mwalimu Vasugupta alitoa mafundisho mafupi yanayojulikana kama Sutra za Shiva. Katika karne ya 10 Utpaladeva akaandika juu ya utambuzi, na baada yake akaja mwanafalsafa mkubwa kuliko wote wa njia hiyo, Abhinavagupta, aliyeishi takriban kati ya miaka 950 na 1016. Mwanafunzi wake Kshemaraja alifupisha mafundisho katika sutra 20 na kuziita Moyo wa Utambuzi.

Njia hiyo huhesabiwa katika mapokeo yaitwayo tantra. Wako wanaodhani kuwa tantra ni mambo ya chumbani tu, na wafanyabiashara wa Magharibi wamechangia sana kueneza dhana hiyo. Asili ya neno ni kutandaza, na hutumika hata kwa mtande wa mfumaji wa nguo. Maana yake katika elimu ni mpango wa mafundisho ambamo nyuzi zote zimeshikamana.

Tofauti yake na yoga ya kale ya Patanjali ni hii. Patanjali alifundisha kutuliza mawazo mpaka roho ijitenge na maumbile na kubaki peke yake. Wanafalsafa wa Kashmir walikataa kutenganisha. Walisema kwamba mwili, nyumba, chakula, kilio cha mtoto na kazi ya mikono ni mwangaza wa uhai ule ule mmoja, ambao wao waliuita Shiva. Kwa hiyo mwenye mke na watoto hana haja ya kukimbilia msituni ili apate kweli. Nyumba yake ndiyo uwanja wake wa mafunzo.

Walitaja mambo mawili katika uhai huo: nuru, na nuru kujijua. Taa ya mvuvi wa chisense huangaza maji na samaki, lakini haijui kwamba inaangaza. Binadamu huona, na papo hapo hujua kuwa anaona. Uwezo huo wa kujijua ndio walioupa jina la moyo. Wakaongeza kwamba moyo huo hautulii kama jiwe. Una mtetemo waliouita spanda, nao huenda kwa hatua mbili, unmesha na nimesha, yaani kufumbua na kufumba, kama jicho. Ulimwengu hujitokeza, ulimwengu hurudi ndani. Hatua ya pili si adui wa ya kwanza. Zote mbili ni pumzi ya kitu kimoja.

Moyo wa nyama nao hushuhudia hivyo. Hujikunja ukasukuma damu, hujitanua ukajaa tena. Uliokataa kujikunja hausukumi damu, na uliokataa kujitanua hauna cha kusukuma.

Utpaladeva alitoa mfano unaoifaa kila nyumba. Msichana amesikia sifa za mwanamume na kumpenda kabla ya kumwona. Mwanamume huyo akaja akasimama mbele yake, naye akamtazama kama mtu yeyote apitaye njiani. Alipoelezwa alama zake, ndipo alipomtambua na moyo wake ukajaa furaha. Aliyetafutwa alikuwa amekwisha kufika, ila kutambuliwa ndiko kulikokosekana. Ndivyo mtu alivyo mbele ya uhai uliomo ndani yake, na ndivyo mume na mke walivyo mara nyingi, kila mmoja mbele ya mwenzake.

Ni kweli kwamba mafundisho haya yametoka katika ibada ya Kihindu, na Mwislamu au Mkristo hadaiwi kuifuata ibada hiyo. Lakini habari ya moyo si ngeni kwa dini zao. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka kitabu kizima juu ya maajabu ya moyo katika kazi yake kubwa ya Ihya, na mahubiri ya Kikristo hayakosi neno la moyo safi.

MAFUNDISHO KAMA HAYO NG'AMBO YA ZIWA

Ng'ambo ya Mweru ni Katanga ya zamani, ambayo mwaka 2015 iligawanywa kuwa mikoa kadhaa. Ndani zaidi upande wa magharibi, katika mji wa migodi wa Kolwezi, yalizaliwa mafundisho ya moyo yaliyosemwa kwa Kiswahili chenyewe. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, na mwaka 1945 kikatoka kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Katika miaka ya 1950, kati yake na familia za wafanyakazi wa migodi, kilianza chama kilichoitwa Jamaa.

Nguzo zake zilikuwa maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Kila mtu, walifundisha, anatamani kuwa na uzima, kuwazalia wengine uzima huo, na kupendwa. Hakuna anayeyapata hayo peke yake. Mafundisho yalianzia nyumbani, mume na mke wakifunguliana mioyo, ndipo yakawafikia jirani. Jamaa hawakutoka Kashmir wala hawakufundisha yoga, walikuwa Wakatoliki. Hata hivyo walifika mahali pale pale, kwamba mtu hujitambua kikamilifu anapomtambua mwenzake, na kwamba nyumba ya wafanyakazi yatosha kuwa shule ya roho.

PALE MLANGO ULIPOKOSA KOMEO

Ukweli hauna budi kusemwa wote. Mwaka 1997 Mmarekani John Friend alianzisha yoga aliyoiita Anusara, neno la Kisanskriti lenye maana ya kufuata mkondo. Alichukua mengi katika falsafa ya Kashmir, akafundisha mambo matatu: nia njema, mpangilio sahihi wa mwili, na tendo. Wanafunzi walifundishwa kufungua kifua na kuupa moyo nafasi ya kwanza katika kila mkao. Yoga hiyo ilienea kwa kasi. Mwaka 2012 mwanzilishi aliacha uongozi baada ya tuhuma juu ya mwenendo wake, zikiwemo za uhusiano na wanafunzi, na walimu wengi wakajitoa. Waliobaki waliunda shule inayoongozwa na walimu wenyewe.

Katanga nako, vikundi vilivyojitenga na Jamaa, vikajulikana kwa jina la Katete, vilishutumiwa kwamba vimeyageuza mapendo kuwa kisingizio cha uasherati, na Kanisa likalazimika kuchukua hatua.

Mahali ni mbali na nyakati ni tofauti, lakini kasoro ni moja. Kufumbua kulihubiriwa, kufumba kukasahauliwa. Moyo ulioambiwa kufunguka usiku na mchana, mbele ya mwalimu asiyehojiwa na mtu, ni kama ziwa linalovuliwa miezi 12. Mwenye wavu mkubwa hushiba, na wengine hubaki na matope. Falsafa yenyewe haikufundisha hivyo. Iliutaja moyo wenye hatua mbili, na anayefundisha moja huku akiificha ya pili anapunja mizani.

ASKARI NA NYUMBA YAKE

Askari ana kosa la upande wa pili. Yeye amefunzwa kufumba, tena kwa haki, maana anayelinda raia hawezi kulia katikati ya hatari. Kupiga moyo konde ni silaha yake. Taabu huanza silaha hiyo inapoingizwa chumbani. Bunduki hurudishwa ghalani kwa kutiwa sahihi. Moyo uliokazwa hauna ghala wala karani wa kuupokea.

Basi ni vyema kila nyumba ijiwekee utaratibu wake. Mume arudipo asidaiwe maneno siku ya kwanza. Na aketi mahali patulivu kwa dakika 10, mgongo umenyooka, mkono kifuani, avute pumzi kwa utaratibu na kuitoa polepole zaidi kuliko alivyoivuta, kwa sababu pumzi itolewayo polepole hupunguza mapigo ya moyo. Yatakayojitokeza, yakiwa hofu, hasira au aibu, asiyafukuze wala asiyatii. Na ayataje kimoyomoyo kwa majina yake. Hivyo ndivyo wanafalsafa wale walivyoelekeza, kwamba hata ghadhabu ni uhai wenyewe uliobanwa, na ukitambuliwa huanza kulegea.

Siku ya pili au ya tatu na amwambie mkewe jambo moja tu la kweli, hata likiwa dogo, nalo lisiguse siri za kazi. Mke naye alipokee bila kulipima wala kulipeleka kwa majirani, kwani siri iliyotangazwa hufunga moyo kwa kufuli mbili. Naye ana yake ya kusema, maana aliyebaki nyumbani na watoto amekuwa zamuni vilevile. Polisi wa kike anayerudi kwa mumewe astahili heshima hiyo hiyo.

Kama usingizi umekosekana kwa majuma, kama ndoto mbaya hazikomi, kama pombe imekuwa dawa au mkono umeanza kuinuka juu ya mke na watoto, hapo jambo limepita kiasi cha mazoezi ya pumzi. Daktari hana budi kuonwa, na hakuna aibu katika hilo kuliko ilivyo katika kutibiwa malaria. Na mwalimu yeyote, awe wa yoga au wa dini, anayemtaka mke amfungulie yeye moyo huku akimfungia mumewe, aepukwe mapema.

Msitu wa giza uliotajwa na wahenga ungalipo. Hauondoki kwa kukatwa miti yote, wala haupitiki kwa kuogopwa. Mvuvi wa Mweru hubeba taa akaingia gizani, akajua pia mwezi wa kuweka wavu chini. Nyumba iliyojifunza mambo hayo mawili itampokea askari wake mzima, mwili na moyo.